Mawe Matatu ya Kileleni

Kisa hiki nilisimuliwa na jirani yangu, mama mmoja fundi cherehani, kiangazi kilichopita, tukichambua maharage kibarazani. Kinamhusu binti yake, mtoto mwembamba tuliyemwita Sindano. Nami nawapeni wajukuu zangu kama nilivyopewa.

Baba yake Sindano alikuwa mwongozaji, akiwapandisha watu kwenye kilele cha miamba kilicho juu ya mji. Kule hupandwa kwa mikono na magoti. Kila njia inapopinda, waongozaji hupanga mawe matatu, moja juu ya jingine, ili ukungu ukishuka mtu ayapapase, ajue pa kugeukia. Na desturi yao ni hii: anayetoka mlimani huulizwa, "Alama ziko?" Akijibu "Ziko," hakuna anayekwenda kukagua.

Jumapili moja Sindano na binamu yake walipanda hadi kona ya juu, wakatamani kuchoma mahindi.

"Haya si alama, ni mafiga yaliyokosa chungu!" Sindano alicheka, akayabomoa, wakakoka moto katikati yake. Walipokwisha kula aliyapanga tena, lakini hakukumbuka vizuri yalikuwa wapi.

Jioni baba akauliza, "Alama ziko?"

Sindano aliogopa fimbo. "Ziko, baba."

Alfajiri baba akapanda na mgeni mmoja. Adhuhuri ukungu ukafunika kilele. Jua likazama, hawakurudi. Kulipokucha, waongozaji wenzake wakaingia korongo la kulia, njia ya siku zote. Hawakuona hata kofia.

Nyumbani mama alikuwa akishona tu, mguu ukikanyaga cherehani.

"Mama, uzi umekwisha."

"Najua." Wala hakujua.

"Mama... wasitafute kulia. Yale mawe niliyatoa mimi."

Cherehani ikanyamaza. Mama hakumpiga. Alimshika mkono, wakakimbia hadi kwa waongozaji. "Haya, sema mwenyewe. Kwa mdomo uleule uliosema ziko."

Sindano akasema yote, huku meno yanagongana.

"Uliyaweka upande gani?" akauliza mkubwa wao.

"Kushoto, penye kivuli."

Yule mzee akafumba macho. "Kushoto ni genge, mwamba umekatika wima."

Walimkuta baba chini ya genge, mguu umevunjika sehemu mbili. Mgeni alikuwa kando yake, hajui njia, midomo imepasuka kwa kiu. Wote wawili walikuwa hai. Lakini mguu ule haukupona sawasawa, na mlima ukawa basi.

Baba aliporudishwa nyumbani, Sindano alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nipige tu."

"Nikukimbize kwa mguu upi?" Baba alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Sikiliza, mwanangu. Mawe yakibomoka hupangwa. Lakini sisi tunapanda kwa kuliamini neno la aliyetangulia kushuka. Neno lako la uongo liliniangusha. La kweli likanitoa. Lile la kweli lingekuja jioni ile, leo ningekuwa natembea. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka."

"Nitasema, baba."

Akampepea kwa kipande cha kitambaa mpaka baba akalala. Mama naye akalaza kichwa juu ya cherehani, usingizi ukamchukua. Sindano alibaki akisikiliza pumzi za baba, zikikatika kila mguu ulipouma, hadi naye akalala palepale sakafuni, kitambaa mkononi.