Sanduku Lililomkataa Delbert

Kwa miaka thelathini bastola ya Delbert Stamper ililala kwenye droo ya kando ya kitanda, chini ya miwani ya kusomea na pakiti ya peremende. Kila mtu nyumbani alijua ilipo. Mkewe Nadine alikuwa akiisogeza anapofuta vumbi, kisha anairudisha. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo.

Nyumba yao iko peke yake milimani, kusini mwa Missouri. Ukipiga simu polisi, utawasubiri dakika arobaini, na hapo barabara iwe kavu. Mwaka juzi mtu alivunja mlango wa nyuma wakiwa kanisani. Tangu siku hiyo Delbert alitaka bastola iwe karibu na mkono wake.

Asubuhi moja ya Machi walikuwa mezani, wanakula mkate na mchuzi wa soseji. Simu ikalia. Alikuwa binti yao Krista, anayeishi mjini.

"Baba, ile bastola bado iko kwenye droo?"

"Itaenda wapi? Haina miguu."

"Basi Maisie haji."

Delbert akaweka uma chini. Maisie ni mjukuu wao pekee, ana miaka sita. Alikuwa aje kukaa nao wiki nzima ya likizo ya shule. Nadine alikuwa ameshashona mapazia ya chumba chake.

"Wewe umekulia nyumba hii hii," Delbert alisema. "Uliigusa lini?"

Krista akashusha sauti. "Nilikuwa na miaka saba. Nyinyi mlikuwa bustanini. Niliishika, baba, nikawa najitazama nayo kwenye kioo. Sikuwahi kuwaambia."

Nadine alisikia kila neno. Akaziba mdomo kwa kitambaa cha mezani.

"Nunua sanduku la chuma la kufungia," Krista akaendelea. "Nikija nitaliangalia kwa macho yangu. Nisiporidhika, nageuza gari na mtoto wangu."

Siku ile ile Delbert alikwenda dukani. Alidhani sanduku ni sanduku. Alikuta ukuta mzima umejaa. Moja linafunguka kwa kidole. Jingine kwa namba. Jingine kwa kadi. Jingine kwa ufunguo, kama la zamani. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno mengi na haraka. Delbert aliitikia kwa kichwa kila aliposikia neno, lakini hakuelewa hata robo.

"Hili la kidole ndilo mwisho wa yote, mzee," muuzaji alisema. Akagusa sanduku la maonyesho kwa kidole chake. Taa ya kijani ikawaka, mlango ukafunguka papo hapo. "Sekunde moja tu. Huhitaji kukumbuka chochote."

Delbert alilipenda. Akalinunua.

Nyumbani aliweka betri, akasoma kijitabu, akaweka kidole. Taa nyekundu. Akajaribu kidole gumba. Nyekundu. Alijaribu vidole vyote kumi, akavifuta kwa shati, akaanza upya. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

"Hebu nipishe," Nadine alisema. Akafuata kijitabu, akaweka kidole chake. Kijani.

Nadine alicheka mpaka akashika sinki. "Miaka arobaini ya kujenga kwa matofali, mume wangu. Saruji na chokaa vimekula alama za vidole vyako zote. Hata sanduku halikujui."

Delbert alitazama ncha za vidole vyake. Kweli zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Alichanganyikiwa. Nadine hakutaka kabisa kutumia bastola, na yeye ndiye anayefunguliwa. Mwenye bastola amefungiwa nje. Kurudi dukani aliona aibu. Angemwambia nini yule kijana, kwamba hana vidole?

Basi akafanya alivyoona yeye. Alikata kipande cha boksi la nafaka, akakikunja, akakibana kwenye ulimi wa kufuli. Sasa mlango ulionekana umefungwa, lakini ukiuvuta kwa ukucha unafunguka. Akatia bastola ndani, akaliweka sanduku juu ya kabati la droo, karibu na kitanda.

"Sanduku lipo," alimwambia Krista kwenye simu.

Hakusema uongo, alijiambia. Sanduku si lipo? Lakini kila alipopita chumbani alilitazama, na moyo wake haukutulia.

Alhamisi jirani yao Rhonda Pruitt alikuja kurudisha sahani. Rhonda ni mpishi wa shule. Jumamosi huwafundisha watu usalama wa bunduki kwenye ukumbi wa zimamoto. Nadine, ambaye hana siri, akamsimulia habari ya vidole. Rhonda akaomba kuliona sanduku.

Aliingia chumbani, akaliangalia. Kisha akalibeba kwapani kama mkoba, akatoka nalo mpaka kibarazani.

"Unakwenda wapi?" Delbert aliuliza.

"Nyumbani kwangu. Nimekuibia bastola, Delbert. Sihitaji hata kulifungua. Nitalivunja huko kwa nafasi yangu."

Rhonda akarudi ndani, akaweka sanduku mezani, akavuta mlango kwa ukucha. Ukafunguka. Kipande cha boksi kikaanguka sakafuni.

Rhonda hakucheka. Aliitoa bastola kwa uangalifu, mtutu ukielekea pasipo na mtu, akatoa risasi zote. Ndipo akaketi.

"Hii ni mbaya kuliko droo," alisema. "Ikiwa kwenye droo, Krista angejua haijafungwa. Hapa angeamini imefungwa, akamwacha mtoto."

Maneno yale yalimchoma Delbert. Alitazama vidole vyake tena. "Mimi sielewi haya mambo, Rhonda. Nikifunga kabisa, mwizi ananikuta nahangaika. Nikiacha wazi, Maisie anafika. Sasa nifanyeje?"

"Unachanganyikiwa kwa sababu unatafuta sanduku zuri. Tafuta linalokufaa wewe. Liwe jepesi kwako na gumu kwa mtoto. Kama vidole vyako havisomeki, la kidole si lako. Chukua la vitufe vya namba. Na ulijaribu mwenyewe hapo dukani, kwa mkono wako, usimtazame muuzaji."

"Nitakumbuka namba nikiwa nimeshtuka?"

"Utajizoeza. Ondoa bastola, lifunge sanduku tupu, ufumbe macho, kisha ulifungue. Mara ishirini kila siku. Mkono utazoea wenyewe."

Jioni Delbert na Rhonda wakaenda dukani pamoja. Delbert alimweleza muuzaji ukweli, na kijana akabadilisha sanduku bila maneno. Kumbe Delbert hakuwa fundi wa matofali wa kwanza kulirudisha. Delbert alibonyeza vitufe vya masanduku matatu. Kwenye moja vitufe vilikuwa vidogo mno kwa vidole vyake. La pili mlango wake ulicheza. Rhonda alilipiga kofi upande, likafunguka lenyewe, akalirudisha kwenye rafu. La tatu lilikuwa zito, la chuma kinene, vitufe vikubwa, na matundu manne ya skrubu kwa nyuma.

Hayo matundu Delbert aliyaelewa. Kichwa chake kilitulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Chumbani mwao kuna ukuta wa bomba la moshi alioujenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Alichukua drili, akafunga sanduku kwenye ukuta ule, juu kupita kichwa cha mtoto, skrubu zikikazwa kutoka ndani. Rhonda alilivuta kwa mikono miwili. Halikutikisika.

"Haya, namba ya siri," Rhonda alisema.

"Siku ya kuzaliwa ya Maisie. Hiyo siwezi kuisahau."

"Na Maisie je, ataisahau?"

Delbert akaondoa kidole kwenye vitufe.

"Pale jikoni kwangu shuleni," Rhonda alisema, "kila mtoto akija kuchukua chakula anabonyeza namba yake kwenye mashine. Wadogo wengi namba zao ni siku zao za kuzaliwa. Wanabonyeza upesi kuliko mimi. Siku ya kuzaliwa hapana, namba ya nyumba hapana, moja mbili tatu nne hapana."

Delbert na Nadine walitazamana. Nadine akamnong'oneza namba fulani, wote wawili wakaona haya kidogo. Mimi siiandiki hapa, na wewe yako usimwambie mtu.

"Ufunguo wa akiba uliokuja na sanduku utauweka wapi?" Rhonda aliuliza. "Usiniambie kwenye kopo la kahawa."

Delbert akaenda jikoni, akautoa kwenye kopo la kahawa. Akaufungia ndani ya sanduku la zana garini, ambalo ufunguo wake hautoki kwenye mkanda wake.

"Betri nazo," Rhonda alisema, "zibadilishe mara mbili kwa mwaka, siku ile tunaposogeza saa mbele au nyuma kwa majira, pamoja na za king'ora cha moshi. Na kila usipohitaji bastola iwe tayari, ifunge bila risasi. Risasi ziwe pengine, nazo zifungwe."

Delbert alijizoeza mpaka Nadine akachoka kusikia ile milio ya vitufe. Mwishowe alifungua kwa macho yaliyofumbwa kabla Nadine hajahesabu tatu.

Jumamosi Krista alifika. Alimshusha Maisie, lakini begi la mtoto akaliacha ndani ya gari. Delbert aliliona pale kwenye kiti cha nyuma, akaelewa.

"Ngoja nikuonyeshe," alisema.

"Nitaona, baba. Acha kwanza ninywe kahawa."

Wakaketi jikoni. Maisie aliruka huku na huku, mara yuko kwenye mapazia mapya, mara hayupo. Hazikupita dakika tano. Kutoka chumbani ukasikika mlio. Tii, tii, tii, tii.

Krista alifika mlangoni kwanza, Delbert nyuma yake. Maisie alikuwa amevuta kiti cha Nadine cha kushonea mpaka ukutani. Alikuwa amepanda juu yake, uso wake usawa wa vitufe. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Babu, mashine yako mbovu," Maisie alisema. "Nimeweka siku yangu ya kuzaliwa. Shuleni inakubali."

Delbert alishika mwimo wa mlango. Akilini aliiona namba ile ile aliyotaka kuiweka, na kile kipande cha boksi, na mlango unaovutika kwa ukucha. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Si mbovu, mjukuu wangu," alisema. "Iko sawa kabisa. Na haifunguliwi na mtoto yeyote. Ukiona bastola popote, huigusi. Unaondoka, unamwita mtu mzima. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Naweza kushuka?"

Krista alimshusha. Alishika sanduku, akalivuta kwa nguvu zake zote, mara mbili. Kisha akatoka nje. Delbert alisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Krista akarudi na begi la Maisie mkononi.