Mkanda wa Begi la Kwato

"Kwato, Kwato, hapa kituo! Usipite magharibi! Unanisikia?"

Angenisikiaje? Redio zetu ni za zamu: mmoja akibonyeza kitufe, wengine wote tunabaki masikio tu. Kitufe cha Kwato kilikuwa kimebanwa na mkanda wa begi lake, naye hana habari. Huyo Kwato ni kiongozi wa wapanda mlima, tena mchumba wangu. Alikuwa anashuka kutoka kileleni na mgeni mmoja, mwanamke. Sisi kituoni tunasikia mpaka wanavyohema.

Na asubuhi hiyo mawe yalikuwa yameporomoka njia ya magharibi. Ukungu umefunika mlima wote, hakuna wa kumfuata.

"Si umwambie, mwanangu!" alisema mama yake Kwato, aliyeniletea kituoni kitambaa cha gauni la harusi.

"Siwezi, mama. Simu ameizima, na redio ni mpaka kitufe kiachie."

"Sasa redio ya nini?"

Nikabonyeza tena, wapi! Badala yake ikaja sauti ya yule mgeni.

"Utamwambia lini?"

"Nikishuka, mpenzi," Kwato akajibu. "Yule wa redio hana makuu. Atalia, atanyamaza."

"Na harusi?"

"Harusi ya mama ile. Moyo wangu unajua uko wapi."

Kitambaa kilimponyoka mama. Simu yangu ilikuwa mezani na ujumbe wake wa alfajiri: "Nikishuka ni wewe tu, malkia wangu." Mwongo mkubwa!

"Zima, mwanangu. Usijitese."

"Nikizima nitajuaje wamefika njia panda?"

Nilitaka kumchukia, nikashindwa hata hilo. Nilimpenda, na njia ya kifo ilikuwa mbele yake.

"Njia panda hii," tukamsikia. "Magharibi ni karibu, tupite huku."

"Usipite, baba! Rudi!" Mama alipiga kelele kana kwamba mwanawe yuko chumba cha pili.

"Ngoja kwanza, nina kiu," alisema mgeni.

"Haya, tutue mabegi."

Redio ikanyamaza. Mkanda umeachia! Matusi yote ninayoyajua yalinijaa mdomoni, nikayameza.

"Kwato, hapa kituo. Magharibi kumeporomoka. Piteni mashariki. Umenipata?"

"Nimekupata, malkia! Umetuokoa. Mbona kimya hivyo tangu kileleni? Nikadhani umeninunia."

"Kitufe chako kilibanwa. Tumewasikia njia nzima, mimi na mama yako."

"Mama... yupo hapo?"

Mama akaninyang'anya redio.

"Nipo. Shuka salama na huyo wako. Nyumbani tutaongea."

Akawasha simu, ujumbe ukaingia kwenye yangu: "Nakuomba, tuonane wawili tu. Nitakueleza." Sikujibu. Zamu yangu ilikuwa haijaisha, kwa hiyo niliendelea kumwelekeza, huku natokwa na machozi, mpaka mlinzi wa geti aliposema wamefika wote wawili, wazima.

Ndipo nikavua pete, nikamkabidhi mama. Aliitia kwenye pochi. Kisha akainama, akaokota kile kitambaa, akakikung'uta vumbi na kukikunja vizuri.

"Shika," aliniambia. "Hiki nilikununulia wewe, mwanangu. Sikumnunulia yeye."