Wali Uliobaki Nyasini

Mzee Quek Siew Tong alikutwa saa nne asubuhi, amelala kifudifudi kwenye nyasi chini ya jengo lake, mtaani Ang Mo Kio, Singapuri. Punje za wali zilikuwa zimemganda kidevuni. Kando yake palikuwa na kipande cha boksi chenye wali kidogo, machungwa mawili na vijiti vitatu vya ubani vilivyokwisha kuungua.

Inspekta Zaleha alichuchumaa. Ulikuwa mwezi wa saba wa Wachina, mwezi wa kulisha mizimu, na nyasi zote zilijaa vyakula vya mizimu. Lakini vile vingine vilipakuliwa kwenye sahani.

"Ubani ni wangu," alisema Bi Goh wa ghorofa ya pili. "Niliukuta wali, nikajua jirani ameshanitangulia. Nikaongeza machungwa. Mizimu nayo itachoka wali mtupu."

"Mzee alikuwa na kawaida ya kula vya mizimu?"

"Akili zilishamtoka, afande. Alisahau hata kwamba mkewe alikufa."

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuja kesho yake. Tumboni ilikutwa dawa ya usingizi wanayotegewa njiwa wa mjini, waokotwe wakiwa wamelala. Moyo wake mchovu haukuihimili.

Zaleha aliomba fomu za wanasa njiwa. Ya asubuhi ile ilitiwa sahihi na Teo Boon Kiat: njiwa thelathini na mmoja, chambo chote kimekusanywa.

"Chambo chote, Boon Kiat?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sikukuuliza ilivyoandikwa."

Teo alitazama mikono yake. "Boksi moja nililiacha. Lakini bila kuandika vile hawanipi zamu nyingine."

"Uliliacha kwa nini?"

"Niliporudi kulitoa nilikuta ubani unawaka. Chakula kikishawashiwa ubani si changu tena, afande. Ni chao. Utawapokonyaje wanakula?"

"Ulijua kina dawa."

"Nilijua. Nikasema nitafagia jioni. Nikainama mara tatu, nikaomba radhi, nikaondoka."

"Kulikuwa na mtu?"



"Mjomba Quek alikuwa kwenye benchi. Akanisalimia kama wazee wetu wote: umeshakula? Nikamjibu, nimekula, mjomba. Wewe je?"

Zaleha aliweka kalamu chini.

"Akasema, bado."