Mifupa Ina Wenyewe

Mhudumu aliapa kwamba chumba cha jirani hakina mtu, lakini pazia lililowatenganisha nacho lilikuwa likivutwa ndani na kusukumwa nje, taratibu, wala hapakuwa na upepo. Elkanah aliliona akalipuuza. Hasira ilikuwa imemfika kooni. Alikuwa ameendesha gari kutoka Riyadh hadi Jeddah na familia ya bosi wake, akapewa saa mbili tu za kumwona dada yake Jerioth, mfanyakazi wa ndani katika mtaa wa Al-Safa, ambaye hakuwa amemtia machoni kwa miaka mitatu. Saa moja nzima ilikuwa imeishia kwenye zulia la hoteli hii ya mtaa wa Bani Malik, wakingoja wali na mbuzi.

Sinia lilipofika, adhana ya adhuhuri nayo ikafika. Milango ya bati ikateremshwa, wateja wakafungiwa ndani, taa zikazimwa, wahudumu wakaenda kuswali.

"Hata chakula cha mchana wanatuzimia taa," Elkanah alinung'unika, akaishambulia nyama. Ilipokwisha akaigeukia mifupa, maana kwao mfupa wenye uboho hauachwi kwenye sahani.

"Wacha hiyo," Jerioth alinong'ona. "Mamake madam huniambia mifupa ni chakula ya majini. Sisi huwaachia."

"Dada, nimeshinda njaa njia yote. Jini akitaka mbuzi, aagize yake."

Akaivunja kwa meno mmoja mmoja, akafyonza uboho, akameza hata ungaunga wake. Njaa ilikuwa imekwisha zamani. Ule ulikuwa ukaidi tu.

Pazia likaacha kutikisika. Ikaja harufu ya manyoya yaliyoungua, kisha kucha zikaanza kupapasa sinia, zikazunguka ukingo wote, zikarudi, zikazunguka tena, kama za mtu anayetafuta alichowekewa, na Elkanah, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani, katika giza lile akamsikia Jerioth akisema maneno mafupi kwa sauti ya kubembeleza, akinyamaza kana kwamba anajibiwa, akisema tena, naye akadhani anamwomba Mungu, hata pale kitu kilipoanza kutafunwa karibu kabisa naye, polepole, bila haraka yoyote.

Taa ziliporudi, mhudumu alikuta sinia safi. Elkanah akamrudisha dada yake Al-Safa. Getini kwa madam, Jerioth akatoa mkono wa kushoto.

"Tangu lini tunaagana kwa kushoto?" Elkanah aliuliza, kisirani hakijamtoka. Akauvuta wa kulia kutoka ndani ya abaya.

Ngozi haikuwa na hata mkwaruzo. Lakini ule mkono ulilala kiganjani mwake kama ulimi wa ng'ombe, laini kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, bila mfupa hata mmoja.

"Kilikuwa kinataka mifupa ya mkono wako," Jerioth alisema kwa sauti ya chini. "Nikakiambia wewe ni dereva."

Elkanah akaanza kuomba msamaha. Ndani madam akaita, yalla, haraka, vyombo vinangoja. Jerioth akaurudisha mkono wake ndani ya abaya, akaingia.