Uzi Mmoja wa ARN

Chubu, chubu. Kulikuwa bado giza, na kibuyu cha maziwa kilisikika jikoni. Mama Kamaliza alikuwa akisukasuka apate siagi. Kando ya moto, binti yake Isimbi alimalizia kamba mbili za nyuzi za mgomba: moja mfano wa ADN, yaani DNA, nyingine wa ARN, yaani RNA. Leo angezieleza mbele ya darasa. Mara ya mwisho aliposimama pale alikosea, wenzake wakamcheka, na tangu hapo hakunyoosha mkono tena.

"Sokota na nguvu, mutoto wangu," mama alisema. "Kamba ya uzi mumoja ni ya muvivu. Ndama akikohoa tu, inakatika."

Isimbi akacheka, akaisokota hata ARN kwa nyuzi mbili. Gentil, mtoto wa jirani aliyesoma naye, alipokuja kuota moto aliziona, akatengeneza zake vilevile.

Darasani, Madame Murekatete alikuwa amekwisha kuchora ubaoni. Isimbi alitazama, akalinganisha na kamba zake. ADN ilikuwa na nyuzi mbili zilizojipinda pamoja. ARN uzi mmoja tu. Kazi za zote mbili alizijua. Umbo ndilo lililompotosha.

"Nyamaza," Gentil alinong'ona. "Madame hataona. Ukisema, na mimi watanicheka."

Isimbi aliitwa. Akainua kamba ya kwanza. "Hii njo ADN. Inatunza maagizo ya mwili, yale tunarithi kwa wazazi." Akashika ya pili, akaifumua mbele ya wote, akauweka uzi mmoja pembeni. "Hapa nilikosea. ARN kwa kawaida iko na uzi mumoja."

"Hiyo haifungi hata kuku!" Nishimwe alipaza sauti kutoka nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Haifungi," Isimbi alijibu, akiuinua ule uzi. "Inabeba ujumbe. Inanakili agizo la ADN, inalipeleka pale seli inatengeneza protini, kisha inavunjwa. Na penye ADN iko na herufi T, ARN iko na U."

Kicheko kikafa chenyewe.

"Vizuri, mama," Madame Murekatete alimwambia. "ADN hutunza, basi imejengwa idumu. ARN hutumwa, ikimaliza kazi, haina haja ya kubaki. Na ninyi mliocheka, sikieni: anayefumua kosa lake hadharani hujifunza kuliko anayelificha. Kuna mwingine aliyekosea?"

Gentil alizitazama kamba zake chini ya dawati, akasimama.

"Madame, na ya kwangu iko na kosa."