Namba Aliyoifuta Lambert

Jumatatu asubuhi Lambert Dethier alivua pete ya ndoa ili anawe mikono, akaona ndani yake jina la marehemu mkewe limeandikwa Odil. Herufi ya mwisho haikuwepo. Wala haikuchubuka, pale palikuwa laini, kana kwamba fundi hakuwahi kupagusa.

Lambert alikuwa mgane, mwaka wa nne sasa, bila mtoto. Kilichobaki nyumbani mwake mjini Liège ni kabati la bastola za kale, zile ambazo mababu wa mji huo walizichonga majumbani mwao kwa kuiga za Wamarekani. Wakusanyaji wana sharti lao: fremu, mtutu na silinda, kile kipande cha kuzunguka kinachobeba risasi, viwe na namba moja. Bastola aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na silinda ya kuokotezwa, yenye namba ya kigeni. Jumamosi iliyotangulia aliisaga namba hiyo kwa tupa, akagonga mpya ya kufanana.

Jumapili akaipeleka sokoni kando ya mto kumringia rafiki yake Servais.

“Wee mzee! Namba zote sawa?” Servais akacheka. “Au umejichongea jikoni?”

“Naapa kwa Bikira Maria, nimeikuta hivi hivi.”

Aliapa kirahisi, kama tunavyoapa wengi wetu, Mungu atusamehe.

Jumatatu hiyo mchana, akimimina kahawa, alisikia tupa ikisaga ndani ya kabati. Kra. Kra. Harufu ya baruti iliyoungua ikajaa sebuleni. Alifungua kabati, hakuona mtu. Alipotoa kadi ya maziko ya mkewe kwenye kitabu cha sala, jina lilisomeka Odi.

Akampigia Servais simu, akinong'ona.

“Kuna kitu kinasaga humu ndani.”

“Panya hao, bwana. Oa tena, utaacha kusikia panya.”

Lambert alitaka kukiri habari ya namba. Aibu ikamfunga mdomo, akakata simu, na papo hapo tupa ikaanza tena, safari hii si kabatini bali nyuma ya kiti chake, kisha chini ya meza, kisha karibu na sikio kiasi cha kuhisi vumbi la chuma likimdondokea shingoni, na kila iliposaga alihisi kitu kikipungua kichwani mwake, kicheko fulani, wimbo fulani wa jikoni, namna mtu fulani alivyomwita kutoka ngazini, hata akatoka mbio bila koti, mvua ikimpiga, mpaka kwa Padri Ilunga, Mkongo aliyehamia parokia yake mwezi uliopita.

Huko akasema yote, tupa na kiapo. Padri hakumcheka.

“Baba Lambert, kuna aliyefungamana na namba ile. Umemfutia jina, naye anakufutia la mtu wako. Mrudishie. Ilikuwa ngapi?”

“Sikuitazama, Padri.”

“Hata kidogo?”

“Niliona tu kwamba hailingani na zile nyingine.”

Padri alishusha pumzi, akachukua maji ya baraka, wakaenda wote. Alinyunyizia kabati, akasali kwa sauti mpaka jasho likamtoka. Kitu kilipita kati yao kama joto la tanuri, kikagonga mlango, kikatoka. Harufu ikaisha. Nyumba ikatulia kabisa.

“Kimeondoka,” Padri akasema, akifungua kitabu chake. “Sasa tumwombee na marehemu mkeo, apumzike. Anaitwa nani?”

Lambert alifumbua mdomo. Akaangalia pete, akaangalia kadi. Pote palikuwa peupe. Ukutani mwanamke mwenye kitambaa kichwani alikuwa akimtabasamia kutoka kwenye picha.

“Taratibu, baba,” Padri akasema. “Anaitwa nani?”

Lambert akamshika Padri mkono, akaanza kulia. Alijua kwamba alimpenda yule mwanamke. Hakujua amwite nani.