Stika Mbili Sokoni Walthamstow

Kila Jumamosi Serah aliuza mandazi katika soko la Walthamstow, London. Siku nyingine alihudumia wazee majumbani mwao. Ilikuwa kazi ya kuinua na kuogesha, na mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika. Alitumaini meza ile ya mandazi itamtoa katika kazi hiyo.

Asubuhi moja alikuta stika mbili kwenye nguzo karibu na meza yake. Zilisema nchi hii ni ya Wazungu peke yao. Chini palikuwa na jina la kikundi cha Marekani. Serah aliingiwa na hofu kubwa. Alipiga picha, akaituma kwa akina mama wa kanisa: "Wako hapa! Msije sokoni!" Wao nao wakaituma kwa wengine. Ndivyo tulivyo: tukishtuka, vidole ndivyo hukimbia kwanza.

Jumamosi iliyofuata hakuja hata mama mmoja. Mandazi yalipoa. Serah akaanza kufunga virago.

"Unaenda wapi mapema hivi?" aliuliza Harjit, muuza vitambaa wa meza ya jirani. Alizaliwa Nakuru, akaja London akiwa kijana.

"Nimeacha, Mzee Harjit. Hawa watu wamefunga biashara yangu."

"Watu gani? Umewaona?"

"Sijawaona. Nimeona stika."

"Na wateja, nani aliwaambia wasikuje?"

Serah aliitazama simu yake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Usijilaumu sana," Harjit alisema. "Hata sisi Wahindi wa hapa zamani tulijifungia ndani tukisikia watu kama hao watapita mtaani. Hicho kikundi nimekifuatilia. Kilianza na vijana wachache. Walifunika nyuso, wakaandamana, wakajipiga picha wakiwa wamebanana ili waonekane jeshi. Watu wakasambaza hizo picha, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuogopa. Wote waliwasaidia."

"Na sasa?"

"Sasa wanapungua. Waliodhuriwa waliwapeleka kortini. Majina yao yakajulikana, hata kwa waajiri wao. Wakaanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe."

"Basi nizibandue?"

"Si kwa mkono! Wengine huficha wembe nyuma ya stika. Peleka picha kwa polisi na kwa kaunsili ya mtaa, watakuja kuzitoa. Halafu futa ile uliyotuma kanisani, uwaambie ukweli."

Serah alifanya hivyo siku ileile. Watu wa kaunsili walikuja wakazikwangua. Kwa akina mama alituma sauti yake: "Niliogopa, nikawaogopesha. Tumeripoti. Mimi niko sokoni Jumamosi. Mkiwa na wasiwasi, njooni pamoja."

Wakaja pamoja, wengine na majirani zao Waingereza. Baada ya mwaka mmoja mandazi yalimlipa vya kutosha, na Serah akaaga kazi ya kuinua wazee.

Jioni moja Jotham, mume wake, aliinua simu. "Serah! Kile kikundi kimevunjika! Ngoja nitumie watu wote picha yao."

"Wacha kabisa," Serah alisema. "Nilishawatangaza bure walipokuwa hai. Matanga yao wafanye wenyewe."

Jotham akaiweka simu chini, akanawa mikono, akaanza kukanda unga.